Nilimzuia mama kuuza kahawa Muleba kwa sababu ya bei ya tokeni kwenye simu yangu

Wakuu, sogeeni kidogo nianze.

Wewe uliye kwenye foleni ya benki na wewe uliyejilaza baada ya chakula, nisikilizeni kama mnavyomsikiliza mtu aliyetoka shamba na matope bado yako kwenye viatu. Sitaongeza chumvi. Pale nilipokuwa mjinga nitasema hivyo, na ambacho mpaka leo sikijui nitakiacha wazi.

Huu si uzi wa kutapeliwa. Natanguliza hilo maana najua wengine mkiona neno "tokeni" mnashuka moja kwa moja kuandika "pole mkuu, umepigwa".

Sikupigwa. Fedha niliyoweka nilikuja kuitoa ikiwa imepungua kidogo tu. Kilichopotea ni kitu kingine, na hakikuwa changu.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, sekondari, hapa Bukoba mjini. Naishi Nyanga. Nyumbani ni Muleba, upande wa Kamachumu, na huko yuko mama yangu. Kwa Kihaya tunamwita Mawe, na humu nitamwita hivyo hivyo maana jina lingine halinikai mdomoni.

Wakati mambo haya yanaanza, mwaka jana, Mawe alikuwa na miaka sabini na moja. Ni mjane. Ana kibanja chake, yaani lile shamba linaloizunguka nyumba, migomba na mibuni imechanganyika humo humo, na maharage chini yake.

Sasa sikilizeni vizuri kuhusu mibuni, maana ndiyo kiini cha yote.

Mibuni ya Mawe ilikuwa inakufa. Ule ugonjwa wa mnyauko. Leo unaona upande mmoja wa mti majani yamelegea kama yanataka maji, mwezi ujao upande wa pili, halafu mti mzima unasimama umekauka na matunda yake meusi juu. Hauna dawa. Unang'oa, unachoma, unaanza na miche mipya ya aina inayostahimili.

Mawe alikuwa ameng'oa sana. Akaamua kwamba akiuza kahawa ya msimu ule, fedha yote inakwenda kwenye miche mia na hamsini, ipandwe mvua za vuli zikianza. Mashimo alishaanza kuyachimbisha.

Mwezi wa tano nilikwenda kumsalimia akaniambia hivi (tuliongea Kihaya, nawaandikia kwa Kiswahili):

"Mbuni unataka miaka mitatu ndipo ukupe kitu. Nikipanda mwaka huu, nitachuma nikiwa na sabini na nne. Nikichelewa msimu, sabini na tano. Hesabu hiyo naijua bila kwenda shule yako."

Tukacheka. Nilidhani ni utani wa wazee.

Mwezi huo huo mwenzangu wa shuleni, Mwalimu Projestus, anayefundisha masomo ya biashara, akanionyesha kitu kwenye simu wakati wa chai.

Ilikuwa tokeni ya kahawa. Siitaji jina, maana sikuja kuitangaza wala kuichafua.

Maelezo yalikuwa rahisi. Kampuni fulani ya nje imeweka kahawa ghalani. Kila tokeni moja inasimama badala ya kilo moja ya robusta, aina ya kahawa tunayolima huku, iliyokobolewa. Ukinunua tokeni umenunua haki ya ile kilo. Bei ya robusta kwenye soko la dunia, London, ikipanda, tokeni inapanda. Unanunua na kuuza saa yoyote, hata Jumapili baada ya misa.

Nikasema, hii ni yetu. Watu wa pwani wana karafuu zao, wa Geita wana dhahabu yao, sisi watu wa Kagera tumezaliwa kwenye kahawa. Nani atanidanganya bei ya robusta?

Hapo ndipo penye kosa, wakuu, na nadhani ni kosa ambalo mtu asiyejua kahawa asingelifanya. Angenunua, angengoja, basi. Mimi nilijiona naijua bidhaa, kwa hiyo nikaamini naijua na tokeni yake.

Niliweka akiba yangu kidogo. Wiki tatu grafu ikawa inapanda tu. Naamka, naangalia. Naingia darasani, natoka, naangalia. Mstari wa kijani. Projestus ananipita kwenye korido ananiuliza, "Bwana shamba, mavuno vipi?"

Nilijisikia raha ambayo sikuwahi kuipata nikishika jembe.

Ikafika mwezi wa saba. Kahawa ya Mawe imekauka, magunia kumi na moja, bado iko kwenye maganda yake, na AMCOS wameanza kupokea mizigo ya mnada. Kwa wasiotoka huku: mkulima anapeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi, ndiyo hiyo AMCOS, inapimwa, anapewa stakabadhi, mizigo ya wanachama inakusanywa, inapigwa mnada, kisha mnalipwa.

Mawe akanipigia nimtafutie bodaboda watatu wa kubeba.

Nikamwambia, "Subiri kwanza Mawe, nakuja Jumamosi."

Jumamosi nikafika. Alinikaribisha kama kawaida, akaniletea kikapu kidogo cha akamwani, zile buni zilizochemshwa na majani yenye harufu kisha zikakaushwa, tunazotafuna wageni wakija. Nikawa natafuna huku namwonyesha simu.

"Angalia huu mstari, Mawe. Hii ndiyo kahawa. Unaona inavyopanda? Ukiuza sasa unawaachia wengine faida. Ngoja mwezi mmoja au mwezi na nusu."

Akavaa miwani. Akaangalia muda mrefu.

"Hiyo kahawa uliyonunua humo, iko wapi?"

"Ghalani. Ulaya."

"Umeiona?"

"Hapana."

"Umeitikisa?"

Kwetu kahawa ya maganda unachukua konzi moja, unaitikisa sikioni. Ikiwa imekauka vizuri, buni zinacheza ndani ya ganda, zinalia kama kokoto kavu. Mawe hamwamini mtu, anaamini sikio lake.

"Mawe, hii haitikiswi. Ni tokeni."

"Aliyekuuzia anaitwa nani?"

"Hana jina. Ni soko."

Akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akasema, "Basi wewe umenunua butura."

Nilikasirika kidogo. Butura kwetu ni neno la aibu. Ni pale mtu amebanwa na shida, anauza kahawa yake ikiwa bado ni maua mtini. Mwenye fedha anakuja, anatazama mibuni, anatoa kiasi kidogo, na msimu ukifika anavuna chote yeye. Serikali imekataza miaka mingi, na watu wamefilisika kwa hicho kitu.

"Siyo butura, Mawe. Hii kahawa imeshavunwa, iko kwenye ghala."

"Mnunuzi wa butura alikuwa mnyonyaji," akasema, "lakini alikuwa anaingia kibanjani kwa miguu yake, anahesabu miti, anaangalia maua. Wewe hata unyonyaji wenyewe hujaujulia."

Wakuu, nilicheka mpaka akamwani ikanipalia.

Lakini sikumsikia. Nilimweleza tena, kwa upole, kama ninavyomweleza mwanafunzi aliyekwama kwenye hesabu za sehemu. Nikachora kwenye karatasi. Kosa la mwalimu ni kwamba akieleza vizuri anadhani amesema kweli.

Mwishowe akakubali. Nadhani hakukubali grafu. Alinikubali mimi.

"Sawa, tata," akasema. Mama wa kwetu akikupenda anakuita tata, kama vile wewe ni baba yake. "Ila mwenye kitalu anataka aliyeagiza miche aje kuichukua kabla vuli haijachanganya. Usinisahaulishe."

"Tutawahi," nikasema.

Kumbukeni neno hilo. Tutawahi.

Mwezi wa nane, katikati, siku ya Jumanne. Nimetoka kipindi cha pili, nimekaa ofisi ya walimu na kikombe cha chai, nafungua simu. Tokeni imeanguka. Tangu jana imeshuka kiasi ambacho kahawa halisi hushuka kwa miezi.

Nikamwita Projestus. Akaangalia, akatoa simu yake naye akaanza kuangalia za kwake.

Jambo la kwanza nililofanya, na naona haya kulisema, ni kumpigia Mawe. "Peleka kahawa leo! Bei imeanguka, peleka kabla haijaisha kabisa!"

"Juzi ulisema nisubiri."

"Mawe, peleka tu."

Akaenda AMCOS. Karani pale anaitwa Adventina, binti mstaarabu, alisoma na mdogo wangu. Akamwambia kwamba mzigo wa mnada ule ulishafungwa wiki iliyopita. Upokeaji mwingine ni wiki tatu mbele.

Kisha akaongeza jambo lililoniacha mdomo wazi Mawe aliponisimulia: bei ya mnada uliopita haikushuka. Ilikuwa nzuri, ya juu kuliko ya ule wa kwanza.

Sasa mnaona? Kahawa imetulia, tokeni ya kahawa imeanguka. Inakuwaje?

Hapa naomba niende polepole, maana ndipo nilipojifunza, na sitaki mtu aliyeanza kusoma habari hizi jana aachwe nyuma.

Chukua mbuzi. Umemfunga kwenye mambo, kigingi kilichochomekwa ardhini pale kwenye rweya, nyika yetu ya majani. Kigingi hakitembei ovyo. Mbuzi anazunguka, mara huku, mara kule, kadiri kamba ilivyo ndefu.

Bei ya robusta ya dunia ndiyo kigingi. (Nacho kinang'olewa na kuchomekwa kwingine, mavuno ya nchi kubwa zinazolima yakiharibika au yakizidi, ila tuseme leo kimetulia.)

Tokeni ni mbuzi.

Kamba ni nini? Kamba ni ugumu wa kuibadilisha tokeni kuwa kahawa yenyewe. Kama ningeweza leo kwenda kwenye lile ghala na tokeni zangu mia nikatoka na kilo mia, kamba ingekuwa fupi. Tokeni ikishuka chini ya bei ya kahawa, watu wangeinunua, wakachukua kahawa, wakauza kwa faida, na tokeni ingerudi juu.

Lakini niliporudi kusoma yale masharti, sasa kwa utulivu, nikakuta wanaoruhusiwa kuchukua kahawa ni wenye tokeni za kujaza kontena. Tena kuna ada, kuna muda wa kungoja, kuna usafiri. Sisi wadogo tunauziana wenyewe kwa wenyewe tu.

Kwa hiyo kamba ni ndefu. Ndefu sana.

Na huyo mbuzi hayuko peke yake. Tokeni yangu ya kahawa iliishi kwenye zizi moja na sarafu za mtandaoni zote. Wenye nazo ni walewale. Wiki ile sarafu kubwa zilishtuka, watu wakataka fedha taslimu haraka, na mtu akitaka fedha haraka anauza chochote kinachouzika saa hiyo hiyo. Tokeni ya kahawa inauzika saa hiyo hiyo. Ikauzwa.

Hakuna aliyeuliza kama Vietnam, kwa wakulima wakubwa wa robusta, kumenyesha. Hawakuwa wanauza kahawa. Walikuwa wanakimbia.

Sasa sehemu ya pili, iliyoniuma zaidi. Kahawa ya Mawe nayo ni mbuzi mwingine, kwenye kigingi kilekile, kwa kamba nyingine kabisa. Kamba yake imesokotwa kwa mambo ya huku: iko kwenye maganda, haijakobolewa, ukavu na usafi wake, umbali wa kutoka Muleba mpaka bandarini, makato, shilingi imesimamaje mbele ya dola, na siku ya mnada wamekuja wanunuzi wangapi.

Yaani mimi nilikuwa namtazama mbuzi mmoja ili nijue mwingine yuko wapi.

Miezi miwili mbuzi wote wawili walikuwa wanakula upande mmoja wa kigingi, nikaamini wamefungwa pamoja.

Nirudi Muleba.

Wiki tatu za kungoja upokeaji. Vuli ya mwaka jana kule juu haikungoja mtu, ikaanza mapema. Mwanzoni manyunyu, kisha mvua kamili. Magunia kumi na moja yapo chumbani, yamepangwa kwenye sakafu, na ukungu wa Kamachumu unaingia mpaka kwenye kabati.

Siku ya kupokea ikafika. Safari hii nilikwenda mwenyewe, bodaboda watatu, turubai juu. Adventina akaingiza kahawa kwenye kipima unyevu. Akarudia na gunia la pili. La tatu.

"Mama, hii imevuta maji. Siwezi kuipokea, itaharibu mzigo wa wenzako. Rudisha uanike tena."

Mawe akachukua konzi, akatikisa sikioni. Kimya. Akainyoosha ile ngumi yake kwenye sikio langu, akatikisa tena.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu, Mawe."

"Haya. Hata mimi."

Tukayapakia tena magunia kwenye bodaboda.

Tulianika kati ya mvua na mvua. Jua likitoka, turubai nje. Wingu likija, turubai ndani. Niliomba ruhusa shuleni siku nne, nikamwachia yeye zilizobaki. Mgongo wake ule, wakuu. Anainama, anageuza, anainuka kwa kushika paja.

Mnada wa mwisho tuliuwahi. Kahawa ikapokelewa, ingawa gunia moja lilikataliwa kwa kuvu. Na bei? Nitasema kweli kama nilivyoahidi: ilikuwa nzuri kuliko ya mwezi wa saba. Hata ukitoa lile gunia, Mawe alipata zaidi kidogo ya ambacho angepata angenikatalia.

Malipo yalipofika nikaondoka naye siku ileile kwenda kitalu.

Miche ile ilikuwa imeisha. Mwenye kitalu alimngoja, akangoja, kisha mvua ilipochanganya na watu wamejaa mlangoni, akawauzia waliokuwepo. Simlaumu. Mche uliozidi kimo kwenye kile kifuko unaharibika. Tukazunguka vitalu vingine viwili, hali ileile. Kimoja kilikuwa na miche, ila ya mbegu ya zamani, ile inayokufa.

Tukarudi nyumbani. Ilikuwa alasiri, mvua imekatika. Nikamfuata nyuma kibanjani. Mashimo mia na hamsini yapo wazi kati ya migomba, yamejaa maji.

Akatembea katikati yake mbele yangu.

"Angalia usitumbukie, mwalimu," akasema bila kugeuka. "Hesabu yako ina kina cha futi mbili."

Nikapita pembezoni mwa mashimo.

Wiki iliyofuata alifukia mashimo nusu na kupanda maharage. Mengine akayaacha wazi.

Nimeshapata maoni kadhaa hapo chini wakati nikiendelea kuandika, wacha nijibu mawili kabla sijamalizia.

Kuna mkuu amesema: "Lakini mwisho wa siku bei ilipanda, kwa hiyo ushauri wako ulikuwa sahihi, mama alipata faida."

Mkuu, nimelala na swali hilo miezi mingi. Kwenye karatasi una haki. Kilo kwa kilo, alipata zaidi. Lakini Mawe hakuwa anauza kahawa ili apate fedha nyingi iwezekanavyo. Alikuwa anauza ili apande kabla mvua hazijachanganya. Fedha iliyozidi ilikuja baada ya kitu ilichopaswa kununua kuondoka. Umri wa sabini na nne hauuzwi kwenye kitalu chochote.

Na hapo ndipo nililielewa lile neno lake. Nilimsahihisha kwamba tokeni si butura, na kwa kitabu nilikuwa sahihi. Lakini butura ubaya wake si maua. Ubaya wake ni kwamba asiyeweza kungoja anakutana na anayeweza kungoja, na anayeweza kungoja ndiye anayepanga bei.

Tokeni inaweza kungoja. Hailowi, haioti kuvu, haina msimu, haizeeki. Mwenye nayo akipenda anaizima simu mwaka mzima. Mimi nilimchukua mama wa miaka sabini na moja, mwenye kahawa inayolowa na mvua iliyo njiani, nikamwambia angoje kama tokeni.

Mwingine ameuliza: "Kwa hiyo unasema tokeni hizi hazifai kabisa?"

Hapana. Sisemi hivyo, na ukinisoma hivyo nitakuwa nimeeleza vibaya. Kujua bei ya dunia ni jambo jema. Wazazi wetu walidhulumiwa sana kwa kutokuijua. Leo mlanguzi akija mlangoni kwa Mawe na bei ya kutupa, nafungua simu na tunamcheka wote wawili. Na huenda siku moja ukaja utaratibu ambao mkulima wa Muleba mwenyewe anaweka kahawa ghalani, anapata haki yake ya kidijitali, anaiuza kidogo kidogo anavyohitaji. Ningeufurahia.

Ila kabla ya kuamini kwamba tokeni ya bidhaa ni bidhaa yenyewe, iwe ya kahawa, ya dhahabu au ya mafuta, uliza urefu wa kamba. Nani anaruhusiwa kuibadilisha kuwa bidhaa yenyewe? Kwa kiasi gani? Inachukua muda gani? Wenye nayo wengine ni akina nani, na wakiogopa watauza nini kwanza? Uliza pia sheria ya kwetu inasemaje sasa hivi, maana mambo haya yanabadilika. Hayo usipoyajua, unachotazama ni bei ya tokeni. Bei ya kahawa hujaiona bado.

Mimi za kwangu niliziuza mwezi wa kumi. Projestus anazo bado, na anaendelea vizuri tu. Hatugombani. Yeye hana kahawa inayolowa.

Mwaka huu mwezi wa pili nilikwenda Kamachumu nikamkuta Mawe ana kalenda ya parokia mezani na kalamu ya risasi. Akaniuliza, "Mwenye kitalu kasema wiki ya pili ya mwezi wa tisa. AMCOS wakipokea, malipo huchukua muda gani?"

Nikamwambia wakichelewa sana, mwezi.

"Na mnada wenyewe?"

"Weka wiki mbili."

Akahesabu kurudi nyuma kwa kidole, mstari kwa mstari, akaweka duara kwenye siku moja ya mwezi wa saba. "Siku hii kahawa inatoka. Ikiwa bei imepanda, inatoka. Ikiwa imeshuka, inatoka. Wewe siku hiyo usinipigie simu."

Sikupiga.

Bei ya siku hiyo haikuwa nzuri wala mbaya. Wiki iliyofuata ilipanda, niliiona, nikanyamaza. Yeye pia aliisikia redioni, akaniambia tu kwamba redio yake inataka betri mpya.

Miche mia na hamsini iko ardhini sasa. Nimeishika kwa mikono yangu, kila mmoja. Imefunikwa na nyasi, imewekewa kivuli cha majani ya migomba. Mawe ana sabini na mbili. Akijaliwa atachuma akiwa na sabini na tano.

Ule mwaka mmoja sijui nitaurudisha vipi. Nadhani haurudi.

Ninyi mnaolima, mnaofuga, mnaochimba, na hata ninyi mnaoshika tokeni tu, nataka kusikia yenu, hasa aliyewahi kungoja bei ikapanda na bado akajuta. Lakini kabla hujaandika neno hapo chini, fanya hili kwanza. Chukua karatasi. Andika kitu kimoja unachotaka kukifanya na fedha ya mzigo wako. Chini yake andika siku ya mwisho ambayo kitu hicho bado kinawezekana. Rudi nyuma siku za malipo, rudi nyuma siku za mnada, ongeza wiki moja ya mvua. Zungushia duara siku uliyofikia. Siku hiyo ikifika, zima simu, upeleke mzigo.